Shajara ya siri kwenye kompyuta ya nyumbani: kuifunga, si kuificha

Kompyuta yetu ya kwanza nyumbani ilikuwa ya skrini ya chogo, ilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na kila mtu alikuwa na haki nayo. Nikiwa likizo ya kidato cha sita nilijifunza kwenye intaneti kafe ule ujanja maarufu: unafungua Notepad, unabandika mistari ishirini hivi ya amri, unahifadhi kwa jina linaloishia na .bat, na ukibofya mara mbili folda yako inatoweka. Ukibofya tena inakuuliza nywila. Nilijiona nimeingia idara ya usalama. Nikaanza kuandika kila kitu humo: kwaya, matokeo, na shangazi yetu aliyekuja kukaa wiki moja akafikisha mwezi wa nne.

Mdogo wangu alihitaji dakika moja. Hakubahatisha nywila wala hakutumia programu yoyote. Alibofya kulia kwenye lile faili la .bat, akachagua "Edit", na nywila yangu ikawa pale mstari wa kumi na ngapi, imeandikwa wazi kama bei ya nyanya. Usiku, tukiwa kwenye ugali, akanisomea ukurasa mzima kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Shangazi hakusema neno. Kesho yake alianza kujinunulia sukari yake mwenyewe.

Nasimulia haya kwa sababu ujanja ule bado unazunguka, na bado watu wanauita kufunga folda. Haufungi kitu. Unachofanya ni kuipa folda alama mbili, ya "iliyofichwa" na ya "faili la mfumo", ili Windows isiioneshe. Mtu akienda kwenye mipangilio ya folda, akaweka tiki ya kuonyesha vilivyofichwa na kuondoa ile ya kuficha faili za mfumo, shajara yako iko mezani. Akiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux hata hizo tiki hazihitaji. Ni kama kufunika sufuria kwa kawa ukasema umeifungia stoo.

Kufunga kwenyewe kunaitwa usimbaji fiche. Maneno yako yanavurugwa kwa hesabu inayotegemea nywila, na kinachobaki kwenye diski ni takataka. Hakuna mahali nywila imeandikwa kusubiri mtu aje kuisoma. Habari njema ni kwamba huhitaji kuandika hata mstari mmoja wa amri. Programu ya kawaida ya kuandikia barua inafanya kazi hiyo.

Utakachohitaji

Kompyuta, saa moja ya utulivu, flashi moja (hata ya GB 4 inatosha na chenji inabaki), kalamu na karatasi. Na LibreOffice.

Nimechagua LibreOffice kwa sababu ni ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaiweka haikudai intaneti wala akaunti. Kuipakua kunakula zaidi ya MB 300, kwa hiyo subiri bando la usiku au kaa karibu na mwenye Wi-Fi. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, libreoffice.org. Usichukue kwenye zile tovuti zenye vitufe vitano vya kijani vya kupakua, kila kimoja kikikupeleka kwake. Programu hii ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwa OpenOffice, ile ile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuiita Jambo OpenOffice. Kwa hapa nitataja vitufe kwa Kiingereza, maana ndivyo wengi wetu tunavyoviona kwenye skrini.

Kama tayari una Microsoft Word na hutaki kuongeza programu nyingine, inafaa pia. Nenda "File", "Info", "Protect Document", halafu "Encrypt with Password". Sharti ni moja: hifadhi kwa muundo wa .docx. Ule wa zamani wa .doc ulikuwa na usimbaji dhaifu mno, usiutegemee.

Hatua ya 1: Tunga nywila kabla ya kugusa kompyuta

Hapa ndipo kazi yote ilipo. LibreOffice hutumia kanuni ya AES yenye ufunguo wa biti 256. Kanuni hiyo iliidhinishwa rasmi Marekani mwaka 2001, na hakuna mdogo wako atakayeivunja. Atakachovunja ni nywila ya "12345", au jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Na tofauti na simu, faili halimfungii mtu nje baada ya kukosea mara tano. Aliyelinakili kwenye flashi yake anaweza kukaa nalo akijaribu, au kuiachia programu imjaribie maelfu kwa maelfu usiku kucha.

Sisi waswahili tuna mtego wetu wa ziada: methali. Mtu anaambiwa nywila iwe ndefu, anaandika habanahabahujazakibaba na kujisifu ina herufi nyingi. Methali zote zimo kwenye vitabu, na kitu kilichomo kitabuni kinaweza kuingizwa kwenye orodha ya kujaribia. Vivyo hivyo aya za Biblia na Kurani, mistari ya nyimbo, na kaulimbiu za klabu za mpira. Kwa klabu ndiyo usijaribu kabisa, mtaa mzima unajua wewe ni wa wapi.

Njia ninayoipenda ni ya maneno ya bahati nasibu. Mmarekani Arnold Reinhold aliieneza tangu 1995 kwa kutumia dadu: unarusha mara tano kupata neno moja kati ya 7,776. Maneno manne tu yanatoa michanganyiko zaidi ya trilioni 3,600, na la tano linaizidisha hiyo mara elfu saba na ushee. Huna haja ya dadu. Chukua kamusi, ifungue ovyo huku umefumba macho, weka kidole, andika neno. Rudia mpaka yafike matano. Unaweza kupata kitu kama:

kinu betri shemeji ukungu tarishi

Usichague maneno "mazuri" wala usiyapange yalete maana. Ukianza kupanga, akili yako inarudi kulekule inakopenda, na wanaokujua wanapajua. Ruka tu neno ambalo huna uhakika na tahajia yake. Tumia herufi ndogo tupu, na kati ya maneno acha nafasi au weka kistari. Alama za @ na # zinahamahama kutoka kibodi moja hadi nyingine, na siku utakayofungulia kompyuta ya mtu utajuta. Na huo mfano wangu sasa umeshasomwa na wengine, tafuta wako.

Kukumbuka si kugumu kama inavyoonekana. Jitengenezee picha ya kipuuzi: kinu kinaendeshwa na betri, shemeji anapotelea ukunguni, tarishi anatumwa kumtafuta. Baada ya siku nne vidole vitaiandika vyenyewe.

Sasa iandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Najua ulifundishwa usiandike paswedi popote, ila hapa hakuna kitufe cha "umesahau nywila?" Hakuna ofisi ya kupiga simu. Ukisahau, shajara imekwenda na maji, na fundi atakayekuambia anaweza kuifungua kwa elfu thelathini anazitaka hizo elfu thelathini tu. Weka karatasi hiyo mbali na kompyuta: kwenye bahasha ya vyeti, ndani ya sanduku, kwa mtu unayemwamini. Usiandike juu yake "nywila ya shajara". Maneno matano peke yake hayamwambii mtu chochote.

Hatua ya 2: Tengeneza faili likiwa tupu

Kosa la kawaida ni kuandika kwanza kurasa tatu, kuhifadhi kawaida, kisha kukumbuka kuweka nywila. Ule mwili wa kwanza usiofungwa unaweza kubaki mahali kwenye diski hata baada ya kuufuta. Kwa hiyo funga nyumba kabla ya kuhamia.

Fungua LibreOffice Writer. Usiandike kitu zaidi ya neno moja, tuseme "Karibu". Bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Dirisha la kuhifadhi litafunguka. Chagua folda, andika jina la faili, na hakikisha muundo ni "ODF Text Document", yaani linaloishia na .odt. Chini ya dirisha kuna kisanduku kilichoandikwa "Save with password". Kiwekee tiki. Jirani yake kuna kingine kinachotaja ufunguo wa GPG, hicho kiache kilivyo. Bonyeza "Save".

Litatokea dirisha dogo lenye nafasi mbili juu: andika nywila, kisha irudie. Humo humo kuna sehemu ya "Options" ambayo ukiikunjua unakuta nafasi nyingine mbili za nywila, na hapa wengi wanateleza. Nywila ya juu ni ya kufungua faili. Ya chini ni ya kuruhusu kuhariri tu: ukijaza ya chini ukaacha ya juu, kila mtu atasoma shajara yako kwa raha zake, atakachoshindwa ni kukusahihishia tahajia. Jaza ya juu. Kabla ya kubonyeza "OK" tazama kama taa ya Caps Lock imewaka, kwa sababu herufi kubwa na ndogo hapa si kitu kimoja.

Kuhusu jina la faili, ukiliita "SIRI ZANGU" unamwalika mtu. Mimi la kwangu lina jina la risiti za maji. Huko ni kuficha, na nimetoka kukusema vibaya kuhusu kuficha, lakini mlango ukishakuwa na kufuli hakuna ubaya kuweka na pazia.

Hatua ya 3: Jaribu kuivunja

Funga Writer kabisa, kisha lifungue faili upya. Lazima likuulize nywila. Ipe nywila ya uongo, likatae. Ipe ya kweli, lifunguke. Kisha linakili kwenye flashi ukajaribu kwenye kompyuta nyingine yenye LibreOffice; ikikuuliza na huko, basi kufuli liko kwenye faili lenyewe.

Kuna watu hufungua faili kwa Notepad, wakaona herufi zimevurugika, wakaridhika kwamba limefungwa. Huo si ushahidi. Faili la .odt hata lisilo na nywila linaonekana vurugu kwenye Notepad, kwa kuwa ndani limebanwa kama zip. Ushahidi ni kuulizwa nywila na kukataliwa.

Rudia kufungua na kufunga mara tano siku hiyo, bila kutazama karatasi. Ukishindwa mara moja, hujapoteza kitu, ndani kuna neno "Karibu" tu. Anza upya.

Hatua ya 4: Kuandika

Kila siku mpya, nenda "Insert", "Field", "Date". Tarehe inaingia yenyewe, na haibadiliki ukifungua faili wiki ijayo. Ukiwa kwenye mstari huohuo bonyeza Ctrl na 1 ili uwe kichwa cha habari. Faida utaiona baada ya miezi mitatu: ukibonyeza F5 linafunguka dirisha la pembeni lenye tarehe zako zote zimejipanga, na ukibofya mara mbili moja unarukia siku hiyo. Ukitaka kujua ulianza lini kulalamika juu ya jambo fulani, Ctrl na F inatafuta neno. Mimi nilitafuta "nitaacha" nikajionea aibu.

Ctrl na S iwe kama kupumua, hasa kwa sisi ambao umeme hauagi unapoondoka. Faili la kawaida likiharibika katikati, fundi hodari anaweza kuokoa nusu ya maandishi. Lililosimbwa likiharibika mara nyingi limeharibika lote. Ndiyo maana sishauri faili moja la maisha yote. Fanya moja kwa kila miezi sita au hata kwa kila mwezi, yote kwa nywila ileile. Ukipoteza moja, mengine yapo.

Kila unapohifadhi kwa Ctrl na S nywila inaendelea kukaa. Lakini ukihifadhi kwa jina jipya, hakikisha tiki ya "Save with password" ipo, na ukitoa nakala ya PDF ujue nakala hiyo haina kufuli isipokuwa umeiwekea yenyewe. Picha unazobandika ndani ya shajara zinafungwa pamoja na maneno. Zile za asili kwenye folda ya picha zinabaki nje zikimtazama kila mpitaji.

Nyufa ndogondogo

Ukiinuka kwenda kuzima jiko, bonyeza kitufe cha Windows na L. Shajara iliyoachwa wazi kwenye skrini haina nywila yoyote.

Orodha ya faili za karibuni inaonesha jina hata kama haifungui. Kwenye LibreOffice inafutika: "File", "Recent Documents", "Clear List". Kama umewasha kumbukumbu ya kunakili kwenye Windows, ile inayofunguka kwa kitufe cha Windows na V, vitu ulivyokata au kunakili karibuni vimo humo mpaka uvifute au uiwashe kompyuta upya.

Swali ninaloulizwa sana ni la fundi: "Kompyuta yangu ina nywila ya kuingilia, si inatosha?" Mara nyingi haitoshi. Kama diski yenyewe haijasimbwa, fundi akiichomoa na kuiunganisha kwenye kompyuta yake anasoma mafaili yako bila kuulizwa chochote. Ile nywila ya kuingilia ni ya mlango wa mbele, na nyumba haina ukuta wa nyuma. Shajara iliyosimbwa haijali diski imeunganishwa wapi.

Kuna jambo ambalo kufuli hili haliwezi. Kama anayekuchunguza ndiye mwenye mamlaka juu ya kompyuta hiyo, anaweza kuweka programu inayorekodi kila unachobonyeza, nywila ikiwemo. Na kama ni mtu wa kukulazimisha umfungulie, hesabu za AES hazikusaidii. Mwenye hali hiyo nyumbani asiandike kwenye kompyuta ya pamoja kabisa. Atafute kifaa kingine, au daftari linalokaa kwa mtu mwingine.

Wengine hupenda kuweka faili la kawaida ndani ya zip yenye nywila. Kwa kutuma nyaraka kwa barua pepe sawa, kwa shajara hapana. Kila unapolifungua kutoka ndani ya zip, programu inalitoa kwanza na kuweka nakala wazi kwenye folda ya muda, na nakala hizo zina tabia ya kusahaulika huko.

Ukiwa na zaidi ya maandishi, tuseme sauti ulizorekodi, video, barua ulizoskani, tumia VeraCrypt, nayo ni ya bure. Ilianza 2013 ikitokana na TrueCrypt, ambayo waundaji wake waliiacha 2014. Unatengeneza faili moja kubwa, mfano la MB 500, na ukiipa nywila linageuka diski mpya kwenye kompyuta yako. Ukimaliza unalishusha, linarudi kuwa faili lisilosomeka. Linahitaji uvumilivu kidogo mara ya kwanza. Kwa anayeandika tu, Writer inatosha.

Nakala

Kila Jumapili, au siku yoyote ambayo hutaisahau, nakili mafaili kwenye flashi na uiweke nje ya chumba chenye kompyuta. Mwizi anayebeba kompyuta hubeba na flashi iliyochomekwa. Unaweza pia kujitumia faili kwa barua pepe, limefungwa tayari, atakayelidaka hapati kitu.

Siku ukihisi kuna mtu amekuona ukiandika nywila, ibadilishe: fungua shajara, nenda "File", "Properties", bonyeza "Change Password", weka mpya, kisha hifadhi. Fanya hivyo kwa kila faili, na ubadilishe karatasi kwenye bahasha. Halafu itafute flashi, maana nakala zilizomo bado zinafunguka kwa nywila ya zamani. Zifute, weka hizi mpya.